MSHAHARA SI TARAKIMU TU
Mashauri kwa anayehama nyumbani kwa ajili ya kazi

Mtu akipata barua ya kuitwa kazini katika mji wa mbali, jambo la kwanza atafutalo katika barua hiyo ni tarakimu ya mshahara. Na mara nyingi hilo ndilo jambo la mwisho pia. Akiona tarakimu ni kubwa hufurahi, akawaita jamaa, akafunga mizigo. Baada ya miezi mitatu huandika nyumbani kuomba atumiwe fedha. Jamaa hushangaa, maana wao ndio waliokuwa wakingoja kutumiwa.

Somo letu la juma hili lahusu kosa hilo na jinsi ya kuliepuka. Si somo gumu. Lataka kalamu, karatasi, na moyo wa kuuliza maswali kabla ya kutia sahihi.

BARUA MBILI

Tumchukue kijana mmoja wa Korbesa, upande wa Merti katika Kaunti ya Isiolo. Yeye ni mfano wetu tu, lakini wako wengi wa namna yake. Amemaliza masomo ya uhasibu, naye ana barua mbili mkononi. Ya kwanza yatoka Isiolo mjini, na mshahara wake ni Sh. 32,000/- kwa mwezi. Ya pili yatoka Nairobi, na mshahara wake ni Sh. 45,000/-. Barua zote mbili zasema kwamba posho ya nyumba imo ndani ya hesabu hiyo.

Jamaa zake wamekwisha kukata shauri: aende Nairobi. Shilingi 13,000/- zaidi kila mwezi si kitu cha kuchezea. Basi na tuzifuate shilingi hizo hatua kwa hatua, tuone ni ngapi zitakazofika mwisho wa safari.

FEDHA ZINAZOKATWA KABLA HUJAZISHIKA

Mshahara ulioandikwa katika barua si mshahara utakaoutia mfukoni. Kwa viwango vya mwaka 2025, mwajiriwa wa Kenya mwenye mshahara kama wa kijana wetu hukatwa mambo manne. La kwanza ni akiba ya uzeeni katika NSSF, sehemu 6 katika kila mia. La pili ni mchango wa bima ya afya ya jamii, sehemu 2.75 katika kila mia. Mchango huu ulianza Oktoba 2024 mahali pa ule wa NHIF. La tatu ni ushuru wa nyumba za bei nafuu, sehemu 1.5 katika kila mia. La nne ni kodi ya mapato. Kodi hii hutozwa juu ya kile kinachobaki baada ya makato matatu ya kwanza, nayo hupanda kwa ngazi: sehemu 10 katika mia kwa Sh. 24,000/- za kwanza, sehemu 25 kwa Sh. 8,333/- zinazofuata, na sehemu 30 kwa zile zinazozidi hapo. Kisha kila mtu husamehewa Sh. 2,400/- za kodi kwa mwezi.

Tukifanya hesabu hiyo kwa barua ya Isiolo, makato matatu ya kwanza ni Sh. 3,280/-, na kodi ni Sh. 1,180/-. Kijana atapokea Sh. 27,540/-. Kwa barua ya Nairobi makato ni Sh. 4,612.50, na kodi ni Sh. 4,499.60. Atapokea Sh. 35,887.90.

Tazama sasa. Tofauti ya barua hizi ilikuwa Sh. 13,000/-, tofauti ya fedha mkononi ni Sh. 8,347.90 tu. Zaidi ya theluthi moja ya ile faida imekwisha kwenda kabla kijana hajapanda basi. Maana mshahara ukifika katika ngazi ya juu ya kodi, kila Sh. 100/- zinazoongezwa humfikia mwenyewe kama Sh. 63/- hivi.

GHARAMA ZA KUISHI

Jambo la pili ni kupanga gharama za kila mwezi kwa kila mji, tena kwa bei za kweli. Bei hizo hazipatikani kwa kukisia. Mwulize mtu anayekaa mtaa ule utakaokaa, na anayelipa kodi ya nyumba mwenyewe. Usimwulize aliyekwenda huko kutembea. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, na kila msomaji atie zake mahali pa hizi.

Nairobi: kodi ya nyumba Sh. 10,000/-, maji na umeme Sh. 1,500/-, nauli ya kwenda kazini na kurudi, siku 26 kwa Sh. 160/-, jumla Sh. 4,160/-, chakula Sh. 9,000/-, gesi au makaa Sh. 1,200/-, akiba ya nauli ya kwenda kuona wazazi Sh. 1,500/-. Jumla ni Sh. 27,360/-.

Isiolo: kodi ya nyumba Sh. 5,000/-, maji na umeme Sh. 1,000/-, kwenda kazini kwa miguu, bure, chakula Sh. 7,500/-, makaa Sh. 1,000/-, akiba ya nauli ya nyumbani Sh. 1,000/-. Jumla ni Sh. 15,500/-.

Kwa mfano huu, kijana akikaa Nairobi atabakiwa na Sh. 8,527.90 kila mwezi. Akikaa Isiolo atabakiwa na Sh. 12,040/-. Ule mshahara mdogo umeushinda mkubwa kwa Sh. 3,512.10.

Twatahadharisha wasomaji wasichukue hesabu hii kuwa hukumu ya kwamba Nairobi ni mahali pabaya. Mwingine atakayekaa chumba kimoja na mwenzake, wakagawana kodi, hesabu yake itageuka. Tunalofundisha ni njia ya kupima, wala si jibu la kila mtu.

VITU VISIVYONUNULIWA

Hapa twafika penye jambo ambalo watu wa nchi ya mifugo hulisahau kuliko wote. Nyumbani Korbesa viko vitu vingi ambavyo kijana huvitumia kila siku wala havihesabu, kwa sababu hakuna amwulizaye bei. Maziwa hutoka katika mifugo ya baba yake. Kuni huokotwa. Nyumba ni ya familia. Mjini, kila kimoja cha hivi kina mtu anayekiuza: maziwa kwa kipimo, makaa kwa mkebe, na maji yakikatika, kwa mtungi wa lita 20. Ndiyo maana mtu aliyeishi vizuri nyumbani bila kushika fedha nyingi aweza kuwa maskini mjini ingawa fedha zapita mikononi mwake kila mwezi.

Tena yupo na upande wa pili, nao ni ile kazi anayoiacha nyuma. Huyu mwana alikuwa akichunga, akinywesha, akilinda. Akiondoka, nani atashika fimbo? Ikiwa wadogo zake wako shuleni na baba amekwisha kuzeeka, hapana budi aajiriwe mchungaji. Tuseme mchungaji huyo alipwa Sh. 9,500/- kwa mwezi, na mwenye kulipa ni huyu mwenye mshahara.

Sasa rudi kwenye hesabu. Nairobi zilibaki Sh. 8,527.90, ukimlipa mchungaji, umeingia katika deni la Sh. 972.10 kila mwezi. Isiolo zilibaki Sh. 12,040/-, ukimlipa mchungaji, wabakiwa na Sh. 2,540/- za akiba. Mmoja ajenga, mwingine abomoa, na mbele ya jamaa yule anayebomoa ndiye anayesifiwa kwa mshahara mkubwa.

Wala haifai kusema, "Mifugo itajitunza." Watu wa Isiolo na kaskazini yote waliona ukame uliodumu tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwanzo wa 2023, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo. Mifugo isiyo na mwenye kuihamishia malisho katika nyakati kama zile hufa. Kwa hiyo malipo ya mchungaji ni sehemu ya gharama ya kuhama, sawasawa na nauli ya basi.

JAMBO HILI SI GENI

Shida ya mshahara usiolingana na gharama za mji ni ya siku nyingi katika Kenya. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na moja la madai yao lilikuwa posho ya nyumba, kwa kuwa kodi za mji zilikuwa zikila mishahara yao. Januari 1947 Mombasa iligoma tena, mji mzima. Mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika, ambayo mwenyekiti wake alikuwa F. W. Carpenter, ilieleza kwamba mishahara ya chini ilikuwa ikipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala watoto pamoja naye mjini. Nayo ilishauri kwamba ipimwe kwa mahitaji ya mtu na jamaa yake.

Hata leo sheria yakubali kwamba mji na mashamba si sawa. Katika agizo la mishahara la mwaka 2022, mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida katika Nairobi, Mombasa na Kisumu uliwekwa Sh. 15,201.65 kwa mwezi, na katika sehemu za mashambani Sh. 8,109.90, posho ya nyumba haikuwa ndani ya tarakimu hizo. Ikiwa serikali yenyewe huweka vipimo viwili, kwa nini mwajiriwa aone haya kumwambia mwajiri kwamba kuishi mji mkubwa ni ghali?

JINSI YA KUZUNGUMZA NA MWAJIRI

Wengi wetu tumelelewa kutobishana na mkubwa, na hiyo ni adabu njema. Lakini kuuliza si kubishana. Mwajiri aliyekuandikia barua amekwisha kukuchagua. Hatakufukuza kwa kuuliza kwa heshima. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Kabla ya kuzungumza, uwe na tarakimu mbili: ile utakayoomba, na ile ambayo chini yake hutakwenda. Kijana wetu afanye hesabu kwa kurudi nyuma. Ili Nairobi imwachie angalau kile ambacho Isiolo ingemwachia, mshahara wapaswa kufika kama Sh. 51,000/-. Hapo atapokea Sh. 39,657.40, na baada ya gharama zote na mchungaji atabakiwa na Sh. 2,797.40. Basi Sh. 51,000/- ni mpaka wake wa chini, naye yafaa aanze kwa kuomba Sh. 55,000/-, apate nafasi ya kushuka.

Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

Meneja: "Mshahara wetu ni Sh. 45,000/-. Ndivyo tunavyowalipa wote wa daraja hii."

Kijana: "Ahsante, Bwana Meneja. Kazi hii naipenda, nami niko tayari kuja. Ila natoka mbali, Korbesa, na nimepiga hesabu ya kodi ya nyumba, nauli na chakula. Naomba mshahara uwe Sh. 55,000/-, nipate kufanya kazi bila kuingia katika madeni."

Meneja: "Hizo siwezi. Mwisho wangu ni Sh. 48,000/-."

Kijana: "Nimekusikia, Bwana Meneja. Basi naomba nijue: je, liko gari la kuwachukua wafanyakazi? Na je, mshahara waweza kuangaliwa tena baada ya miezi sita, na jambo hilo likaandikwa katika mkataba?"

Tazama alivyofanya. Hakulia shida, wala hakutisha kwamba atakwenda kwingine. Alishukuru, akatoa sababu, akataja tarakimu moja iliyo wazi, kisha akanyamaza apate kujibiwa. Alipokataliwa fedha aliuliza habari za vitu vingine. Swali hilo la gari ni kubwa kuliko lionekanavyo. Gari la kazini litamwokolea Sh. 4,160/- za nauli kila mwezi. Kwa Sh. 48,000/- pamoja na gari atabakiwa na Sh. 5,072.65 baada ya kumlipa mchungaji, kuliko vile ambavyo angebakiwa kwa Sh. 51,000/- bila gari. Hivyo mpaka wake wa chini aweza kuushusha kwa haki, akipewa kitu chenye thamani badala ya fedha.

Vitu vingine vya kuulizia ni hivi: chakula cha mchana kazini, matibabu ya jamaa, malipo ya saa za ziada, na siku za likizo kuunganishwa pamoja kwa mtu ambaye nyumbani kwake ni mbali. Kutoka Nairobi hata Isiolo ni karibu kilometa 280 za lami, lakini kutoka Isiolo hata Merti ni kilometa zaidi ya 200 tena, na mvua ikinyesha sana njia hiyo hukwamisha magari. Likizo ya siku tatu haimfikishi mtu Korbesa na kumrudisha.

MAMBO YA SHERIA

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mwajiriwa haki ambazo yampasa kuzijua kabla ya kutia sahihi.

1. Kazi ya miezi mitatu au zaidi yapasa kuwa na mkataba wa maandishi, na mwenye wajibu wa kuuandika ni mwajiri. Mtu asiyejua kusoma yapasa aelezwe mkataba huo kwa lugha anayoifahamu.

2. Mwajiri yampasa kutoa nyumba ya kufaa, au kulipa fedha za kutosha kupanga nyumba, mbali na mshahara. Isipokuwa mkataba ukisema kwamba fedha za nyumba zimo ndani ya mshahara. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwajiri ni hili: "Posho ya nyumba imo au haimo?" Neno hilo moja laweza kuwa na thamani ya maelfu.

3. Kazi ya majaribio haizidi miezi sita, ingawa yaweza kuongezwa kwa kukubaliana, jumla isipite miezi 12.

4. Likizo ya mwaka yenye malipo si chini ya siku 21 za kazi.

5. Makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Akumbuke hayo kila mwenye haraka ya kukopa.

Na yule mchungaji aliyebaki Korbesa, naye ni mwajiriwa. Haki unayoidai kwa bwana wako mjini, mpe yeye nyumbani: umlipe kwa siku yake, na mpatane mbele ya shahidi.

MWEZI WA KWANZA

Wengi hushindwa si kwa sababu mshahara ni mdogo, bali kwa sababu ya mwezi wa kwanza. Mwenye nyumba Nairobi hutaka kodi ya mwezi pamoja na amana, na mara nyingi amana hiyo ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kwa mfano wetu hizo ni Sh. 20,000/-. Ongeza chakula Sh. 9,000/- na nauli za kazini Sh. 4,160/-, imekwisha kuwa Sh. 33,160/-, kabla ya kununua godoro na sufuria. Na mshahara utakuja mwisho wa mwezi.

Fedha hizo hutoka wapi? Mara nyingi hutoka zizini. Basi shauri letu ni hili: usiuze mifugo kwa haraka siku ya kuondoka. Mnunuzi akijua una safari hushusha bei, na wakati wa ukame bei huwa imekwisha kushuka yenyewe. Mwombe mwajiri nauli na sehemu ya mshahara mapema, irudishwe kidogo kidogo. Na ukipokewa na jamaa mjini, mpatane tangu siku ya kwanza utakaa siku ngapi na utatoa nini katika chakula. Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe.

Neno moja la hadhari. Mtu akikutaka ulipe fedha ili upewe kazi, ondoka. Mwajiri wa kweli hulipa, halipwi.

WATUMISHI WA SERIKALI NA WAENDAO NG'AMBO

Mwalimu au mtumishi wa serikali hawezi kuzungumzia mshahara wake namna hii, maana viwango vimekwisha kupangwa. Lakini kupima kwampasa vilevile. Isiolo ni katika sehemu zenye posho ya mazingira magumu. Anayehamishwa kwenda Nairobi hupata posho kubwa zaidi ya nyumba, lakini huiacha ile ya mazingira magumu. Aziandike zote mbili, aone mizani yaelemea wapi, na aulize habari za posho ya kuhama kabla hajasafirisha vyombo vyake.

Naye aendaye kufanya kazi katika nchi za Ghuba akumbuke kwamba mkataba wa kazi ya ng'ambo wapasa kushuhudiwa na ofisa wa kazi wa serikali. Ahakikishe wakala wake ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na aache nakala ya mkataba mikononi mwa jamaa zake.

KUPIMA YASIYO FEDHA

Hesabu ikiisha, yabaki mambo ambayo kalamu haiyawezi. Kazi ya Nairobi yaweza kumfundisha kijana ujuzi ambao baada ya miaka miwili utampandisha cheo. Kama ni hivyo, upungufu wa mwanzo ni karo ya elimu, na jamaa wakiujua mapema watauvumilia. Kazi ya Isiolo yaweza kumwezesha kufika kwa mama mgonjwa kabla ya jua kuchwa. Mambo haya yapimwe na jamaa wote, baba na mama na ndugu, hesabu ikiwa mbele yao, ili atakapotuma Sh. 3,000/- kwa M-Pesa mtu asidhani kwamba amezificha nyingine.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI AU DARASANI

1. Andika vitu vitano unavyovitumia nyumbani bila kuvinunua. Kila kimoja kitakugharimu kiasi gani kwa mwezi katika mji unaotaka kuhamia?

2. Binti mmoja wa Merti ameitwa kazi Meru kwa Sh. 32,000/-, na posho ya nyumba ya Sh. 6,000/- ni mbali. Mwingine ameitwa Nairobi kwa Sh. 40,000/-, posho ikiwa ndani. Ni maswali gani manne ambayo kila mmoja yampasa kumwuliza mwajiri?

3. Wewe ukiondoka nyumbani, nani atafanya kazi unayoifanya sasa, naye atalipwa nini?

4. Wanafunzi wawili wasimame, mmoja awe meneja na mmoja mwajiriwa, wafanye mazungumzo ya mshahara kwa adabu. Wengine wasikilize, kisha waseme ni wapi mwajiriwa alipokubali upesi mno.